Kufundisha Uongozi wa Mitambo ya Mtandao kwa Amri za Maandishi

Wanachuo wengi wanaojiandaa kufundisha TEHAMA hudhani kwamba kuongoza mitambo kwa amri za maandishi ni kazi ya kukariri. Amri hukaririwa kwa siku moja. Kufahamu ni mtambo upi unaoipokea, na una wajibu gani wakati huo, ndilo somo lenyewe.

Ruta ni mtambo unaopitisha habari kati ya mtandao wa shule na ulimwengu wa nje. Ikiwa ni moja tu, ikiharibika wote hukatiwa mawasiliano. Kwa sababu hiyo huwekwa ruta mbili au zaidi zinazoshirikiana anwani moja. Kwa utaratibu uitwao VRRP, uliochapishwa mwaka 1998, ruta kuu kwa kawaida hutangaza kila sekunde 1 kwamba ipo. Ruta za akiba zikikosa tangazo kwa muda unaozidi kidogo sekunde 3, yenye namba kubwa ya kipaumbele hushika nafasi.

Hatua za somo

Somo hili halihitaji kompyuta. Hapa Miembeni nimelifundisha chini ya mwembe, kwa kadi tatu na meza moja.

(a) Wape wanafunzi watatu kadi zenye namba 120, 110 na 100.

(b) Mwenye 120 apige meza kila sekunde, wenzake wakisikiliza.

(c) Mwashirie anyamaze. Darasa lihesabu. Mapigo matatu yakikosekana, mwenye 110 aanze kupiga.

(d) Mwenye 120 arejee. Mwenye 110 akimsikia, anyamaze.

(e) Sasa mwenye 110 azibe masikio. Ataanza kupiga ilhali mkuu yupo. Uliza: "Mkuu ni nani?"

Hapo wanafunzi watagundua kwamba kutosikika si kufa. Huenda njia ndiyo iliyokatika. Ndiyo maana makundi ya kompyuta zinazotunza kumbukumbu kwa pamoja hutumia akidi: katika tatu, sharti mbili zisikilizane ndipo kazi iendelee.

Tahadhari

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja, niliandika badiliko lilelile kwenye ruta zote mbili kwa mfululizo, bila kulijaribu, ili kuokoa muda. Lilikuwa na kosa. Mtandao ulikatika jioni ya kuwasilisha alama za wanachuo, nami nilikuwa nikiandika kupitia mtandao huohuo. Nikawa nimejifungia nje. Ruta ya akiba ilikuwapo, lakini niliiharibu kwa mkono wangu.

Basi, kabla ya kuandika amri yoyote, mwanafunzi ajiulize: Niko kwenye mtambo upi? Ni mkuu au wa akiba? Nikikosea, nitarudije? Kisha ahifadhi nakala ya mpangilio wa zamani, aanze na mtambo wa akiba, auhakiki, ndipo aende kwa mkuu.

Mwanafunzi anayejibu maswali hayo matatu bila kusita amelielewa somo, hata kama amesahau tahajia ya amri.