Gitaa la Bunkeya

Mgeni akifika Kolwezi huuliza bei ya shaba na kobalti. Mimi nafundisha gitaa hapa mjini, na ningependa aulize kwanza habari za Bunkeya, mji wa mfalme Msiri wa Wayeke, humu humu mkoani Lualaba. Huko ndiko alikozaliwa mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mwaka 1930. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka. Mwaka 1969 alipiga gitaa kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili: gumba linashika besi, cha shahada kinaimba juu. Wanafunzi wangu wakimsikia hudhani ni magitaa mawili. Ninawaambia gumba lijue njia yake kama mchimbaji aendaye kazini alfajiri.

Asiye na pesa ya gitaa ana karindula: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Wala sanaa yetu si muziki tu. Kuelekea Dilolo, Wachokwe wana kinyago cha Mwana Pwo, sura ya mwanamke mrembo, lakini anayekicheza ni mwanamume. Jirani zetu wa Lubumbashi walimpata Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa historia ya nchi, na Fiston Mwanza Mujila, mwandishi wa riwaya ya “Tram 83”.

Shaba ina mwisho wake, lakini muziki unaweza kubaki. Mzee mwenye kanda za zamani za muziki nyumbani, tafadhali, waite vijana wazinakili kabla hazijaharibika.