Faragha ya simu Mbagala ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Simu ya Android iliyolala mezani bila kuguswa na mtu hupeleka taarifa kwa Google kila baada ya dakika 4.5 kwa wastani. Kipimo hicho alikifanya mwaka 2021 Douglas Leith wa Chuo cha Trinity, Dublin. Kwa siku ni mara 320. Ukilala saa 6 tu pale Mbagala, simu ikiwa chini ya mto, imeshapeleka mara 80 kabla hujaamka kuwahi daladala.

Swali la kwanza la mtu wa Dar huwa ni bando. Leith alikuta simu iliyotulia inapeleka takribani MB 1 kila saa 12, yaani MB 60 kwa mwezi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka bei ya MB moja kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Piga hesabu: ni kati ya Sh 122 na Sh 561 kwa mwezi, hela ya maandazi machache. Kwa hiyo anayekushawishi ubadili mfumo wa simu ili uokoe bando, msikilize kwa tahadhari. Kinachoniumiza mimi ni kilichomo ndani ya hizo MB 60: namba ya IMEI inayotambulisha kifaa, namba ya laini, namba yako ya simu. Ni kitambulisho kinachopigwa mhuri tena na tena, na mwenyewe hujaulizwa.

Dawa ipo, na yenyewe haiuzwi. Android imejengwa juu ya msimbo wa chanzo huria, ambao yeyote anaweza kuusoma na kuubadili. GrapheneOS, LineageOS na /e/OS huchukua msimbo huo na kuujenga upya bila huduma za Google kuwekwa ndani kwa lazima. Mwaka huo huo wa 2021, watafiti wa Trinity na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipima Android za aina sita, zikiwemo za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme. Ni /e/OS peke yake iliyokuwa karibu kimya kabisa. LineageOS nayo ilipimwa, lakini ikiwa imewekewa programu za Google, na hilo lilionekana kwenye matokeo. Bei ya mfumo ni Sh 0. Kuupakua kunakula GB 1 au zaidi. Kwa bei zile za TCRA, GB 1 ni kati ya Sh 2,079 na Sh 9,574.

Gharama iko kwenye simu yenyewe. GrapheneOS inakubali simu za Google ziitwazo Pixel peke yake. Orodha ya LineageOS ni ndefu zaidi, ina Xiaomi, Samsung, Motorola na nyinginezo, lakini Tecno, Infinix na itel, simu zinazojaa vibanda vya Tandika na Mwenge, hazimo katika orodha yake rasmi. Wilaya ya Temeke, yenye Tandika, ilikuwa na watu 1,346,674 kwenye sensa ya 2022, na Kinondoni, yenye Mwenge, 982,328. Kwa wengi wao mlango huu umefungwa kabla hawajaufikia.

Tuchukue Pixel 9a, iliyotoka 2025 kwa dola 499. Kwa kadirio la Sh 2,500 kwa dola ni Sh 1,247,500, bila kodi wala usafiri, na Google haiuzi Pixel rasmi Tanzania. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni Sh 500,000. Ni karibu miezi miwili na nusu ya kufanya kazi bila kula.

Lakini simu hiyo imeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 7. Kama uliinunua ilipotoka tu, igawe kwa miezi 84, unapata Sh 14,851 kwa mwezi. Sasa tuseme simu ya Sh 300,000 inapata masasisho ya miaka 2: ni Sh 12,500 kwa mwezi. Tofauti ni Sh 2,351 tu. Hesabu hii ilinishangaza, nikairudia mara mbili. Ila mtu hanunui simu kwa mwezi. Anatoa hela siku moja, na siku hiyo pengo ni Sh 947,500. Tena ikichomolewa mfukoni kwenye mwendokasi baada ya miaka 2, kila mwezi umekugharimu karibu Sh 52,000.

Jambo moja limetuendea vizuri sisi kuliko Wazungu. Kwao, programu za benki zinazogoma kwenye mfumo wa namna hii ndizo kikwazo kikubwa. Hapa *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money hazijali mfumo gani uko kwenye simu. Hata kiswaswadu kinatoa na kupokea. WhatsApp nayo inafanya kazi.

Mipaka nayo isemwe wazi. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, utaratibu ambao mwisho wa kuukamilisha ulikuwa Januari 2020, na mnara wa Tegeta unajua uko Tegeta. Hakuna mfumo wa simu unaoondoa hilo. Simu ya mkopo usiiguse kabisa: kufuli la mkopeshaji limekaa humo humo unamotaka kubadili.

Anayenunua ya mtumba Kariakoo ahesabu miaka ya masasisho tangu simu ya aina hiyo ilipoanza kuuzwa, maana miaka hiyo haianzi upya kibandani. Pixel 6a ya 2022 inafika mwisho Julai 2027. Pixel 8 ya 2023 inakwenda hadi Oktoba 2030. Kisha aulize kuhusu butiloda, ile programu inayoiwasha simu, ambayo ikiwa na kufuli huzuia simu kuwaka na mfumo mwingine. Pixel zilizouzwa na Verizon ya Marekani kwa kawaida hazifunguki, hata fundi awe hodari vipi. Bonyeza *#06#, tuma namba ya IMEI kwenda 15090 kuhakikisha si feki, halafu ingia kwenye mipangilio ya wasanidi uone kama swichi ya kuruhusu kufungua kufuli inakubali kuwaka. Ikigoma, rudisha simu kabla hujahesabu noti.