Kwa Nini Risasi na Baruti Hazitengenezwi Nyumbani

Ndani ya ganda la risasi mna baruti, na kitakoni mna fataki inayowaka ikigongwa. Baruti ikiwaka hugeuka gesi nyingi kwa ghafla, nayo gesi husukuma kichwa cha risasi mtutuni. Kiwandani kiasi cha baruti hupimwa kwa uangalifu na maganda hukaguliwa. Ganda lililokwisha kutumika huwa limetanuka, na huenda lina ufa. Likijazwa tena kwa kukisia, bunduki yaweza kupasuka mkononi mwa mwenyewe.

Gobore nalo lina hatari yake. Baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu. Masalia yenye moto yakibaki ndani baada ya kufyatua, huweza kuwasha baruti mpya wakati mpakiaji angali ameinama. Baruti iliyofichwa jikoni huhitaji cheche moja tu kuunguza nyumba.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha au kutengeneza risasi bila kibali. Mwenye leseni hununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa.

Mwananchi aliyeokota risasi shambani asiifungue, asiigonge wala asiitupe motoni. Awaondoe watoto mahali hapo, kisha atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha polisi. Aliyerithi gobore lisilo na kibali asingoje ajali: Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, ambapo anayesalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi.