Objekti: Java ndiyo iliyotuuzia
Ukianza kujifunza kuandika programu, utaambiwa kila kitu ni objekti: mteja, gari, hata akaunti yako ya benki. Sawa, lakini nani aliamua?

Wazo lilitoka kwa majamaa wawili wa Norway, Dahl na Nygaard, kwenye lugha yao Simula, miaka ya 1960. Data inafungwa pamoja na kazi zake, ili ukirekebisha kipande chako usivuruge cha mwenzako. Kwa timu kubwa, hiyo ni poa sana.

Ila kilicholipua mambo ni Java, 1995. Sun Microsystems waliitoa bure, vyuo vikaidaka, baadaye Android nayo ikaijia. Kazi zikafuata huko.

Kwa hivyo ukikwama kwenye klasi, usijione mjinga. Kaprogramu ka mistari 30 hakahitaji hata moja.