Moto wa Jikoni Hauondoi Sumu ya Kuvu: Jinsi ya Kuchagua, Kukausha na Kuhifadhi Mahindi ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Makueni, mahindi huliwa karibu kila siku. Asubuhi ni uji, mchana ni isyo au muthokoi, na jioni ni ugali. Ndiyo maana kosa dogo katika kununua au kuweka mahindi si jambo la mlo mmoja tu. Gunia likiwa na kasoro, familia nzima huila kasoro hiyo kwa miezi miwili au mitatu mfululizo.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba chakula kikichemka vizuri, kila kibaya kimekufa. Kwa vijidudu vingi vya tumboni, imani hiyo ina ukweli. Kwa sumu ya aflatoksini, haina. Sumu hii huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 ili ivunjike, na maji yanayochemka hayazidi nyuzi 100. Unaweza kusonga ugali hadi mkono uchoke, au kuacha isyo jikoni tangu asubuhi hadi jioni, na sumu iliyoingia na mahindi itaandikwa sahani moja na chakula.

Kwa hivyo usalama wa ugali hauamuliwi kwenye sufuria. Huamuliwa sokoni, kwenye turubali la kuanikia, na ghalani. Makala hii inaeleza hatua ambazo kila nyumba inaweza kuchukua bila gharama kubwa.

Aflatoksini ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii huishi udongoni na hupenda joto. Huweza kuingia kwenye mhindi ukiwa bado shambani, hasa ukame ukiudhoofisha au wadudu wakitoboa punje. Mahindi yakivunwa na kuwekwa kabla hayajakauka, kuvu huendelea kukua na sumu huongezeka.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kuvu huonekana lakini sumu haionekani. Haina rangi ya kuitambua, harufu wala ladha. Kuosha mahindi au kupangusa ukungu hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje. Vilevile, mahindi yanayoonekana safi si lazima yawe salama kabisa. Ndiyo sababu hatutegemei hatua moja. Tunaunganisha kadhaa, na kila moja inapunguza hatari.

Kwa nini tunalisema tena

Wazee wa kaunti hii hawajasahau mwaka wa 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua katika eneo la mashariki mwa nchi kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 kati yao walifariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Haikuwa mara ya kwanza Ukambani, kwani mwaka wa 1981 Machakos ilipoteza watu 12 kwa sumu hiyo hiyo.

Uchunguzi wa 2004 ulionyesha kwamba mahindi mengi yenye sumu yalikuwa yamelimwa hapa hapa, yakavunwa wakati wa mvua zisizotarajiwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Mengine yaliuzwa katika masoko yetu, yakawafikia hata wasiokuwa na shamba. Ni somo kwa mkulima na mnunuzi pia.

Sokoni: tazama, nusa, shika

Usikubali kupimiwa kutoka juu ya gunia peke yake. Mwombe muuzaji akuruhusu kuingiza mkono hadi katikati, kwa sababu unyevu na ukungu hujificha ndani. Kisha:

- Tazama punje kiganjani. Zikatae zenye ukungu wa kijani, manjano, kijivu au mweusi, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, na zilizotobolewa na wadudu. Punje moja moja ni kawaida. Zikiwa nyingi katika kila kiganja, tafuta muuzaji mwingine.
- Nusa. Harufu ya uvundo ni ishara kwamba mahindi yalilowa, hata kama yameanikwa tena yakakauka.
- Shika na umimine. Mahindi makavu ni magumu, huteleza vidoleni na hulia yakimwagwa kwenye mkebe. Yenye unyevu huwa baridi mkononi na hushikana.
- Uliza yalivunwa lini na yaliwekwa wapi. Muuzaji mwaminifu hana shida kujibu.

Je, bei nafuu ni nafuu kweli?

Wakati wa njaa, shilingi 20 ni pesa. Lakini tupige hesabu. Tuseme gorogoro ya mahindi mazuri, takriban kilo mbili, ni shilingi 120, na ya mahindi yenye kasoro ni shilingi 100. Ukinunua ya 100, ukayachambua nyumbani na kutupa robo, umebaki na kilo moja na nusu. Kila kilo uliyopata imekugharimu karibu shilingi 67. Yale mazuri yangekugharimu shilingi 60 kwa kilo. Na usipoyachambua, gharama utailipia hospitalini.

Hesabu ya unyevu nayo ni hiyo hiyo. Ukinunua gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likishakauka hadi asilimia 13.5 litabaki na karibu kilo 85. Kilo 5 ulizolipia zilikuwa maji.

Jaribio la chumvi

Mahindi ya kuhifadhiwa yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Afisa wa kilimo ana kifaa cha kupima, lakini nyumbani unaweza kuanza na chupa na chumvi.

Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Kausha chumvi ya kawaida kwenye sufuria juu ya moto, kisha iache ipoe. Jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, funika, na utikise kwa dakika chache. Iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu unazidi asilimia 15, na mahindi hayo hayafai kuwekwa. Chumvi ikianguka chini yote bila kushika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Hata hivyo, yaanike tena jua kali siku moja au mbili ili yafikie kiwango cha kuhifadhi.

Kuanika na kuhifadhi

Usianike mahindi kwenye udongo mtupu. Kuvu hutoka udongoni, na unyevu wa ardhi hupanda usiku. Tumia turubali, mkeka au jukwaa lililoinuliwa. Tandaza mahindi yawe safu nyembamba, yageuze mara kwa mara, na uyafunike au kuyaingiza ndani kabla ya umande wa jioni. Mvua ikizidi, baadhi ya maghala ya NCPB hukausha mahindi kwa malipo. Majirani wakiunganisha magunia yao, safari huwa nafuu.

Unapopura, epuka kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu na wadudu.

Ghala liwe kavu na lipitishe hewa. Magunia yawekwe juu ya mbao, yasigusane na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, huwanyima fukusi na dumuzi hewa hadi wafe bila dawa. Lakini ni sharti mahindi yawe yamekauka kwanza. Ukifungia mahindi mabichi humo, yataharibika ndani kwa ndani na hutayaona hadi siku ya kufungua.

Kabla ya kwenda kusaga

Chambua. Tandaza kiasi cha kusaga kwenye ungo, mchana penye mwanga, na uondoe kila punje iliyooza, iliyovunjika, iliyosinyaa au iliyotobolewa. Kwa isyo na muthokoi, mimina mahindi kwenye maji na uondoe yanayoelea kabla ya kupika. Punje nyepesi mara nyingi ndizo zilizoharibika.

Kukoboa kunasaidia sana. Utafiti wa hapa Kenya kuhusu muthokoi ulionyesha kwamba kuondoa ganda la mahindi kulipunguza aflatoksini kwa wastani wa karibu nusu. Kwa hivyo desturi ya nyanya zetu ya kutwanga muthokoi ina faida kuliko ladha yake. Hata hivyo, nusu ya sumu nyingi bado ni sumu. Kukoboa hakugeuzi mahindi yaliyooza kuwa mazuri.

Ukirudi kutoka kusaga, unga huwa bado na joto. Uache upoe ukiwa wazi kabla ya kuufunika, la sivyo jasho lake litaulowesha. Uweke kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, usichanganye unga mpya na wa zamani, na usage wa wiki moja au mbili tu kwa wakati mmoja.

Unga wa pakiti

Sheria ya Kenya inaruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 katika kila kilo ya mahindi au unga. Kiwanda kinapaswa kupima. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Viwango nchini, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga zilizopatikana zimepita kiwango hicho. Hii inaonyesha kwamba pakiti nayo inahitaji macho.

Angalia alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake. Angalia tarehe ya mwisho ya kutumia, na usichukue pakiti iliyopasuka au iliyolowa. Utaona pia alama ya unga ulioongezwa virutubishi, jambo ambalo ni la lazima kwa unga wa pakiti tangu 2012. Alama hiyo inahusu vitamini na madini kama chuma na zinki. Ni jambo jema, lakini haisemi lolote kuhusu aflatoksini.

Usiwape mifugo

Yaliyochambuliwa na kutupwa yasiende kwa kuku wala ng'ombe. Kuku hufa au hukonda, na ng'ombe anayekula mahindi yenye kuvu hupitisha sumu kwenye maziwa, ambayo humrudia mtoto kwenye kikombe cha chai. Usiyatumie kutengenezea pombe pia. Kiasi kidogo kifukie mbali na maji. Kikiwa kikubwa, mwite afisa wa afya ya umma akuelekeze.

Uji wa watoto

Mtoto mdogo hula chakula kile kile kila siku, na mwili wake ni mdogo, kwa hivyo sumu kidogo kwake ni nyingi. Mahindi ya uji wake yachambuliwe kwa makini kuliko yote. Mbadilishie chakula: wimbi, mtama, viazi vitamu, ndengu iliyopondwa. Kama unaongeza njugu karanga, zichambue vilevile, kwa kuwa nazo hushikwa na kuvu hii kwa urahisi.

Dalili za kutiliwa maanani

Sumu ikiwa nyingi, mtu huumwa tumbo, hutapika, hukosa hamu ya kula, macho huwa manjano, na miguu au tumbo huweza kuvimba. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakionyesha dalili hizi, au mbwa na kuku wakifa wakati huo huo, msisubiri. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu, na mbebe sampuli ya mahindi au unga mliokula. Ikiwa ni kidogo kidogo kwa miaka, sumu hii haina dalili za mapema. Huumiza ini polepole na kuongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Si rahisi kumwaga chakula ambacho umekitolea jasho, na hakuna anayepaswa kuona haya kuuliza kabla ya kufanya hivyo. Kabla hujalifunga gunia la msimu huu, au kabla hujalipia la jirani, peleka kiasi kidogo kwa afisa wa kilimo wa wadi yako akipime unyevu. Kisha nyumbani, kabla ya kila safari ya kusaga, keti na ungo nusu saa. Watoto wanaweza kusaidia kuchambua, na watajifunza mapema kuitambua punje isiyofaa kuliwa.