Glovu zisizoteleza: mambo ya kuangalia kabla ya kupeleka mzigo Ziwa Mweru

Wafanyabiashara wanaopeleka vifaa vya kazi kwenye fukwe za Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge upande wa Zambia hadi Kilwa na Pweto upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanashauriwa kuwa makini wanaponunua glovu kwa jumla. Glovu inayoshika vizuri ikiwa kavu dukani inaweza kuteleza mara inapolowa, na mvuvi aliyeuziwa glovu ya namna hiyo harudi tena kwa muuzaji yule.

Ziwani mkono una kazi nyingi. Huvuta kamba za nailoni, hutoa nyavuni samaki wenye miiba, hushusha magunia ya dagaa wanaoitwa chisense na huwasha injini ya boti. Kamba iliyolowa ikichomoka ghafla huchuna ngozi ya kiganja, na mwenye kidonda kiganjani hukaa siku kadhaa bila kuvuta nyavu. Kwa familia inayotegemea mauzo ya kila siku, hizo ni siku zisizo na kipato.

Unene si mshiko

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba glovu nene ndiyo bora. Glovu nene huongeza upana wa kitu kinachoshikwa, hivyo misuli hulazimika kubana zaidi na huchoka mapema. Ndiyo maana glovu za mchezo wa ubao wenye tanga, unaochezwa katika fukwe kama Diani na Watamu nchini Kenya, hutengenezwa nyembamba kiganjani ili mchezaji ausikie vizuri mti wa kushikia tanga. Mvuta kamba naye anahitaji hivyo hivyo.

Aina zinazopatikana

Glovu za pamba zenye vidoto vya plastiki ni za bei nafuu na zinafaa kwa mizigo mikavu, lakini hunywa maji na kuwa nzito. Za ngozi huteleza zikilowa, na zikikauka hukakamaa.

Kwa kamba zilizolowa, zinazofaa zaidi ni glovu za kufumwa zilizopakwa mpira asilia wenye mikunjo kiganjani, kwa kuwa maji hupata njia ya kutoka kati ya mkono na kamba. Hata hivyo, mpira asilia huharibiwa na petroli na oili, na baadhi ya watu huudhuru ngozi. Kwa anayeshughulika na injini au samaki wenye mafuta mengi, mpira wa naitraili wenye uso wa chengachenga kama mchanga ni bora zaidi. Naitraili laini isiyo na chengachenga huteleza ikilowa.

Namba zilizoandikwa mgongoni

Glovu nyingi za kazi huwa na alama ya kiwango cha Ulaya EN 388, ikifuatiwa na namba nne. Ya kwanza inaonyesha uwezo wa kuhimili msuguano, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika na ya nne kutobolewa. Kwa wavuta kamba itazamwe namba ya kwanza. Kwa watoa samaki wenye miiba, ya nne. Ieleweke kwamba namba hizo hazipimi mshiko. Mshiko mnunuzi anapaswa kuujaribu mwenyewe.

Jaribio lake ni rahisi. Glovu moja ilowekwe majini, ivaliwe, kisha kipande cha kamba kilicholowa kishikwe huku mtu mwingine akikivuta taratibu. Baada ya hapo kiganja kipakwe oili kidogo na jaribio lirudiwe.

Saizi nayo ina uzito wake. Namba 8 ni ya kiganja chenye mzunguko wa takriban milimita 203, na namba 9 milimita 229. Glovu pana hujikunja kiganjani na kupunguza mshiko. Aidha, vidole vyake vilivyozidi hunasa kwenye nyavu, na ni hatari karibu na sehemu za injini zinazozunguka.

Forodhani

Mzigo usiandikwe "glovu" tu. Katika mfumo wa kimataifa wa HS, glovu za kufumwa zilizopakwa mpira au plastiki huingia 6116.10, za mpira mtupu 4015, na za ngozi 4203. Kuzichanganya katika tamko moja kunaweza kuchelewesha mzigo. Vilevile, nafuu ya ushuru ya COMESA au SADC hufuata mahali bidhaa ilipotengenezwa. Glovu za China zilizonunuliwa Dar es Salaam na kupitishwa Tunduma hazigeuki kuwa bidhaa za Tanzania.

Mwisho, kalenda izingatiwe. Uvuvi katika maji mengi ya Zambia hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Mzigo wa glovu za wavuvi unaofika Nchelenge Desemba utakaa stoo miezi mitatu. Ukifika mwishoni mwa Februari, utawakuta wavuvi wakijiandaa kurudi majini.