Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni

Katika kipindi chetu cha leo hatutazungumza juu ya mbegu, mbolea, wala dumuzi wa mahindi. Leo tutazungumza juu ya chombo kimoja ambacho kila mkulima anacho, hakiuzwi dukani, na kikiharibika hakina spea. Chombo hicho ni kiuno.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye ekari mbili za mahindi huko nyanda za juu kusini. Mvua za Novemba zimeanza na kila mtu yuko mbioni kupanda. Mama huyu amelima siku nne mfululizo. Siku ya tano anainama kunyanyua mfuko wa mbolea, mara anasikia kitu kama kimekatika kiunoni. Hakuanguka wala hakujikata. Kufika jioni maumivu yameshuka takoni, yamepita nyuma ya paja, yamefika mpaka kwenye unyayo. Akikohoa yanapiga kama umeme. Vidole vya mguu vina ganzi.

Asubuhi mumewe anautazama mguu, haoni kitu. "Mama watoto," anasema, "mbona mguu haujavimba? Jikaze kidogo, mvua hizi hazitungoji."

"Baba watoto, huu si uvivu," anajibu mama. "Mguu unawaka moto."

Hapo ndipo lilipo tatizo, ndugu wakulima. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo wengi huuendea vibaya. Mmoja hujikaza, akaendelea kulima mpaka akashindwa hata kusimama. Mwingine hujilaza kitandani mwezi mzima akingoja upite. Wote wawili hukosea. Iko njia ya katikati, nayo ndiyo tutakayoieleza leo.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani chenye ukingo mgumu, na ndani yake mna ute mzito. Kazi ya visahani hivi ni kama ile ya springi za gari: kupokea uzito na kuufanya mgongo upindike bila mifupa kusagana. Pembeni mwa visahani hivyo hutoka mishipa ya fahamu. Ile ya chini kabisa hukusanyika pamoja na kuwa mshipa mmoja mkubwa, unene wake karibu sawa na kidole. Huo ndio mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini. Waganga huuita mshipa wa siatiki. Hupita takoni, ukashuka nyuma ya paja, na matawi yake yakafika mpaka kwenye vidole vya mguu.

Sasa, ukingo wa kisahani ukichoka na kupasuka, ule ute hutokeza nje na kuusumbua mshipa pale unapotoka. Mshipa unabanwa kiunoni, lakini maumivu yanasikika mguuni. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukanyaga karibu na bomba, maji hukosekana kule mwisho, wala hakuna ubovu wowote kule mwisho. Kwa hiyo kuupaka mguu dawa peke yake hakuondoi chanzo cha ugonjwa.

Kwa wazee mara nyingi sababu ni nyingine. Njia ya mishipa ndani ya uti wa mgongo huwa imepungua upana kwa sababu ya umri. Mzee hutembea hatua chache, miguu ikawa mizito na kuuma, akalazimika kuketi au kuinama kidogo ndipo apate nafuu. Utamwona anaweza kusukuma baiskeli akiwa ameiegemea, lakini kutembea wima kunamshinda.

NYONGA NAYO INA MAUMIVU YAKE

Si kila maumivu ya upande huo yanatokana na mshipa wa siatiki. Kiungo cha nyonga kikiwa kibovu, maumivu kwa kawaida husikika zaidi mbele, kwenye kinena, na mara nyingi hayavuki goti. Mgonjwa hupata taabu kuchuchumaa, kuvaa kiatu au kupanda baiskeli, na asubuhi kiungo huwa kizito. Kwa watu wenye umri mkubwa, sababu ya kawaida ni kuchakaa kwa gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Kwa vijana wenye selimundu, kichwa cha mfupa wa paja chaweza kukosa damu na kuharibika.

Na mzee akianguka, hata kama ni kwa kujikwaa tu uani, kisha akashindwa kusimama au kuukanyagia mguu, msimchue. Huenda mfupa wa nyonga umevunjika. Mpelekeni hospitali.

WENGI HUPONA

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wa siatiki hupata nafuu kubwa katika muda wa wiki 6 hadi 12, bila kupasuliwa. Ule ute uliotokeza mara nyingi hunywea wenyewe polepole. Ni wachache tu wanaohitaji upasuaji.

Zamani ilikuwa desturi ya madaktari kumwagiza mgonjwa alale juu ya ubao kwa wiki kadhaa. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kulala hivyo hakuharakishi kupona, na misuli inayoushika mgongo hulegea. Kama maumivu ni makali sana, pumzika siku moja au mbili, halafu uanze kujongea. Fanya hivi:

1. Tembea. Anza na dakika tano, mara kadhaa kwa siku, mahali tambarare. Ongeza kidogo kidogo. Usikae mahali pamoja kwa muda mrefu, hasa kwenye kigoda kifupi.

2. Lala vizuri. Lala ubavu na kanga iliyokunjwa kati ya magoti, au lala chali na uweke mto chini ya magoti.

3. Fanya mazoezi. Lala kifudifudi juu ya mkeka, kisha jiinue taratibu kwa viwiko, ukae hivyo kidogo, ushuke. Angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka unyayoni yakapanda kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili nzuri, hata kama kiuno chenyewe kinauma. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo na umwone mtaalamu. Penye mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, yeye ndiye wa kukuonyesha zoezi linalokufaa.

4. Tumia joto kwa uangalifu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa hulegeza misuli. Lakini usiiweke mahali penye ganzi. Utaungua bila kujua.

5. Dawa zitumike kwa ushauri. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kupunguza maumivu kwa siku chache, vimezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, au mama mjamzito asivitumie kabla ya kuuliza kwenye zahanati. Kununua vidonge dukani na kumeza wiki hata wiki ni kutafuta ugonjwa wa pili.

6. Usidai sindano. Wako wanaoamini kwamba bila sindano hawajatibiwa. Kumbukeni kwamba mshipa wa siatiki unapita takoni. Sindano ikichomwa hapo mahali pasipofaa, yaweza kuuumiza mshipa huo huo na kuuacha mguu umelegea. Basi msikubali kuchomwa sindano na mtu asiye mganga.

7. Kuchua polepole kunaweza kutuliza. Lakini usikubali kukanyagwa mgongoni wala kuvutwa mguu kwa nguvu. Nazo chale hazifiki kwenye kisahani kilichopasuka, na wembe mchafu huleta pepopunda, homa ya ini na ukimwi.

DALILI ZA HATARI

Ndugu wakulima, hapa naomba msikilize kwa makini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho, ukiona mambo haya: mkojo umeziba au unatoka wenyewe; haja kubwa inatoka bila kujijua; ganzi sehemu za siri na mahali pale panapogusa tandiko la baiskeli; au miguu yote miwili inapoteza nguvu. Maana yake ni kwamba mishipa mingi imebanwa kwa pamoja. Mgonjwa akicheleweshwa, anaweza kubaki na kilema cha maisha.

Nenda pia haraka kama unyayo unaburuta na huwezi kuuinua, au kama maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka mtini.

Kama maumivu ya mgongo yanafuatana na homa, jasho la usiku au kukonda, usidhani ni jembe. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Na wafugaji wajue kwamba ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, yaani brusela, huambukiza watu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu. Kwa mtu, ugonjwa huo huleta homa za kurudiarudia na maumivu ya kiuno na nyonga. Magonjwa haya yote mawili yana dawa zake, nazo lazima zimalizwe kama zilivyoandikwa.

KURUDI SHAMBANI

Mtu akipata nafuu, hamu yake ni kufidia siku zilizopotea. Hapo ndipo wengi huangushwa tena. Rudi kwa hatua. Anza na saa moja asubuhi, upumzike, uone usiku mwili unasemaje. Kesho yake ukiwa salama, ongeza.

Kadhalika tuangalie zana zetu. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walikuwa wakipalilia kwa kijembe cha mpini mfupi mno, wakishinda wameinama kutwa nzima. Viuno vyao viliharibika wangali vijana. Walipeleka shauri lao mbele ya sheria, madaktari wakatoa ushahidi, na mwaka 1975 kijembe hicho kikapigwa marufuku. Mazao hayakukoma. Wakulima walitumia majembe ya mpini mrefu na kazi ikaendelea.

Basi nasi tutazame mipini yetu. Mpini wa palizi uwe mrefu kiasi cha kukuwezesha kusimama karibu wima. Badilisha kazi kila baada ya muda: lima kidogo, simama unyooshe mgongo, fanya kazi nyingine, urudi. Anza kuandaa shamba mapema wakati wa kiangazi, kazi isirundikane siku mvua inapoanza. Tandaza mabua na majani makavu shambani, maana matandazo hupunguza magugu, na magugu yakipungua palizi inapungua.

Kuhusu mizigo, kumbuka kwamba maji ya ndoo ya lita 20 peke yake ni kilo 20. Chota nusu, uende mara mbili. Gunia la kilo 100 si la mtu mmoja. Ligawe kwa madebe, au mwite jirani, au tumia mkokoteni. Unapoinua kitu, kikaribie, kunja magoti, kishike karibu na kifua, na ukitaka kugeuka, geuka kwa miguu, usizungushe kiuno. Jikoni, mafiga yakiinuliwa juu ya jukwaa la udongo, mpishi hapiki tena akiwa ameinama.

Turudi kwa yule mama. Mumewe anampeleka zahanati. Mganga anampima nguvu za mguu, anamuuliza habari za mkojo na za homa, anaona hakuna dalili ya hatari. Anamwonyesha mazoezi na kumpa vidonge vya siku tano. Kisha anamgeukia mume na kumwambia, "Mzee, dawa iliyobaki unayo wewe. Kwa wiki sita maji, kuni na mizigo visiwe juu yake."

Si jambo jepesi. Baba anachota maji kwa baiskeli, na majirani wanakuja kwa ujima siku mbili. Ekari moja inapandwa mahindi kwa wakati. Ya pili wanashindwa; wanaamua kuiweka maharage baadaye. Mavuno ya mahindi yatapungua, hilo hatulifichi. Lakini wakati wa palizi ya pili mama yuko shambani, jembe lake lina mpini mpya mrefu, na mguu haumchomi tena. Angelazimishwa kujikaza ile Novemba, huenda wangepoteza ekari zote mbili, na nguvu za mama pia.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, mtu wa nyumbani mwenu akisema mguu unamuuma na ninyi hamwoni kidonda, msimwite mvivu. Mwamini, mpeleke akapimwe, na mpunguzieni mzigo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kaya zetu, ni nani anayebeba mizigo mizito zaidi, na ni kazi zipi zinazoweza kugawanywa?

2. Mipini ya majembe yetu ina urefu gani? Nani kijijini anaweza kuchonga mirefu?

3. Mtu akipatwa na dalili za hatari usiku, tutamfikishaje hospitali?

Hadi kipindi kijacho, nawatakieni kazi njema na viuno vyenye afya.